Maji, Meno na Viungo: Historia ya Floraidi katika Bonde la Ufa la Kati

Floraidi ni madini yanayopatikana kwa kiasi fulani katika maji mengi ya chini ya ardhi duniani. Katika Bonde la Ufa la kati nchini Kenya, kuanzia Naivasha kupitia Gilgil na Elementaita hadi Nakuru na Njoro, kiasi hicho ni kikubwa kupita kawaida, na athari yake huonekana mtu anapocheka. Meno ya mbele huwa na michirizi myeupe kama chaki, mabaka ya manjano, au rangi ya kahawia iliyokolea. Mkenya wa sehemu nyingine akiyaona humwuliza mwenye meno hayo kama amelelewa Nakuru, na mara nyingi huwa amepatia.

Chanzo ni volkano. Bonde la Ufa limejazwa majivu, pumisi na lava ya mamilioni ya miaka, na mawe hayo yana floraidi nyingi. Mvua inayoanguka Mau na Nyandarua huteremka ikiwa safi kupitia mito kama Malewa, Njoro na Makalia, lakini sehemu yake huzama ardhini na kukaa muda mrefu ikigusana na mawe hayo, pengine katika joto la chini ya milima kama Menengai. Kinachoamua kiasi cha floraidi kinachobaki majini ni kalsiamu. Ikiwa nyingi, hushikana na floraidi, zikawa jiwe liitwalo floraiti, na jiwe hilo haliyeyuki kwa urahisi. Maji ya Bonde yana sodiamu tele na kalsiamu haba, basi floraidi haina wa kuishika. Jiwe hilohilo la floraiti lilichimbwa kwa miaka mingi Kimwarer, katika Bonde la Kerio, likauzwa ng'ambo kwa viwanda vya chuma na kemikali.

Maziwa ya Nakuru na Elementaita hayana mto unaotoka. Maji huingia, jua huyakausha, na chumvi hubaki ikirundikana mwaka baada ya mwaka. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1984 ulitaja miligramu 2,800 za floraidi kwa lita katika Ziwa Nakuru na 1,640 katika Elementaita. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Hakuna anayekunywa maji ya Ziwa Nakuru, ambayo ni magadi matupu yanayowafaa heroe na mwani wanaoula, lakini maziwa hayo yanaonyesha wazi yale ambayo visima vya pembeni vinayaficha.

Watu wameishi kando ya maji hayo tangu zamani sana. Mary Leakey alichimba kilima cha Hyrax Hill, nje kidogo ya mji wa Nakuru, mwaka 1937, akakuta makaburi na mabaki ya makazi ya wafugaji. Mwaka uliofuata yeye na Louis Leakey walichimba pango la Mto Njoro, ambamo watu walioishi miaka ipatayo 3,000 iliyopita walichoma maiti zao na kuziacha pamoja na vinu, vibuyu na shanga za mawe. Baadaye sana walikuja Wamaasai, na jina Nakuru lenyewe husemekana limetokana na neno lao lenye maana ya mahali pa vumbi.

Mfugaji anayehama hanywi kisima kimoja. Kiangazi humpeleka karibu na mto wa mlimani, masika humrudisha bondeni kwenye madimbwi ya mvua, na mtoto wake hukua kwa maziwa, ambayo hubeba floraidi kidogo tu hata pale ng'ombe anapokunywa maji yenye floraidi nyingi. Maisha ya namna hiyo huchanganya maji mazuri na mabaya. Kwa sababu hiyo kuna hoja nzito kwamba meno ya kahawia kama hali ya umma mzima, kijiji kwa kijiji na darasa kwa darasa, ni matokeo ya makazi ya kudumu. Maji yalikuwa yaleyale. Watu ndio waliofungwa mahali pamoja, na kisima kimoja.

Kufungwa huko kulianza na reli. Reli ya Uganda ilifika Nakuru karibu na mwaka 1900, na mji ukatangazwa mwaka 1904. Wamaasai walihamishwa, na ardhi ikagawiwa walowezi wa Kizungu. Lord Delamere alipewa eneo kubwa la Njoro, akaleta ng'ombe na kondoo wa bei ghali, na wengi wao wakadhoofika na kufa huku wamezungukwa na majani mabichi. Wafugaji wa Kimaasai walikuwa hawapendi kuweka mifugo sehemu zile kwa muda mrefu. Mlowezi aliyaona malisho matupu akadhani hayana mwenyewe. Ugonjwa wa ng'ombe wa eneo hilo ulikuja kupewa jina la mji, ukaitwa Nakuruitis. Mwanzoni ulidhaniwa kuwa upungufu wa chuma, na hatimaye ikafahamika kwamba udongo wa volkano ule ulikosa kobalti. Mji mmoja, basi, ulijulikana kwa kasoro mbili za madini zinazotoka katika asili moja: ng'ombe walikosa kobalti kwenye majani, na watoto wakazidishiwa floraidi kwenye maji.

Mashamba ya walowezi yalihitaji maji mbali na mito, na visima virefu vikachimbwa. Baada ya uhuru mwaka 1963 sehemu kubwa ya mashamba hayo ilinunuliwa na vyama vya ushirika na kampuni za wananchi kama Ngwataniro, yakakatwa vipande, na familia zikahamia kutoka Kiambu, Murang'a, Nyeri na kwingineko. Kisima alichochimba mlowezi mmoja kwa ajili ya ng'ombe na nyumba yake kikawa cha mamia ya watu. Familia nyingi zilikuwa zimetoka kwenye vijito vya milimani, ambako maji hayana shida hiyo. Wazazi walikuwa na meno meupe. Watoto waliozaliwa Nakuru wakaota meno ya kahawia, tena hata wale waliopiga mswaki asubuhi na jioni. Kisa hicho kilikuwa ushahidi tosha kwamba tatizo halikuwa damu wala uchafu, ingawa ilichukua muda mrefu kwa watu kukubali hivyo.

Ushahidi wa namna hiyo ulikuwa umekusanywa kwingine mapema zaidi. Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alifika Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wenye meno ya kahawia, akatumia karibu miaka 30 kutafuta sababu. Alishuku maji, asipate kitu ndani yake. Jibu lilikuja mwaka 1931, pale mkemia H. V. Churchill alipoyapima maji kwa kifaa chenye uwezo wa kutambua madini ya kiasi kidogo, akakuta floraidi. Mwaka 1937 madhara ya mifupa yalielezwa kwa kina mara mbili, kila moja kwa njia yake: huko Denmark, Kaj Roholm aliandika juu ya wafanyakazi wa kiwanda waliovuta vumbi la kraioliti, jiwe lenye floraidi, na huko India kusini H. E. Shortt na wenzake wakaeleza wanavijiji waliokakamaa migongo kwa sababu ya maji ya visima.

Kwa Kenya, ripoti ya mapema ya meno ya floraidi ilitoka mwaka 1953, katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki. Upande wa pili wa mpaka, P. Grech na M. C. Latham walichapisha mwaka 1964 habari za wagonjwa wa kaskazini mwa Tanganyika ambao picha zao za eksirei zilionyesha mifupa iliyokuwa mizito na kano zilizogeuka kuwa mawe. Hali ya Tanzania ilikuwa ngumu kiasi kwamba mwaka 1974 serikali iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa lita kwa maji ya vijijini, kwa kuwa kufuata kiwango cha chini kungefunga visima vingi mno. Hapo hapo kaskazini mwa Tanzania ndipo Waskandinavia Anders Thylstrup na Ole Fejerskov walipowachunguza watoto na kuunda, mwaka 1978, kipimo cha madaraja kinachotumiwa hadi leo ulimwenguni kueleza ukali wa meno ya floraidi. Afrika Mashariki ilitoa vinywa, na sayansi ya dunia ikapata rula yake.

Picha ya Kenya nzima ilikamilika mwaka 1984, pale K. R. Nair, Firoze Manji na J. N. Gitonga walipochapisha vipimo vya visima zaidi ya 1,000. Asilimia 61 vilipita miligramu 1 kwa lita, na karibu kimoja katika kila vitano kilipita miligramu 5. Miaka miwili baadaye Manji, pamoja na Vibeke Baelum na Fejerskov, walionyesha jambo lisilotarajiwa: kwa maji yenye floraidi ileile, watoto wa nyanda za juu walikuwa na meno mabaya zaidi kuliko watoto wa pwani. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo jambo hilo linaihusu moja kwa moja.

Kinachotokea ndani ya jino hakieleweki bila vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemikali mwilini. Baadhi yake kazi yake ni kuvunja tishu. Cha kwanza cha kundi kubwa la aina hiyo kiligunduliwa mwaka 1962 na Jerome Gross na Charles Lapiere, waliokuwa wakijiuliza mkia wa kiluwiluwi huenda wapi anapogeuka kuwa chura. Walikuta kimeng'enya kinachokata kolajeni, ile nyuzi ngumu inayoshikilia ngozi, mifupa na gegedu. Hadi hapo wengi waliona uvunjaji wa tishu kama dalili ya kuoza au ya ugonjwa. Kiluwiluwi alionyesha kwamba mwili mzima wa afya hujibomoa kwa mpango ili ujijenge upya.

Jino hujengwa kwa utaratibu huo. Seli zinazotengeneza enameli, ile safu ngumu ya juu, humwaga kwanza utando laini wa protini, sehemu kubwa yake ikiwa amelojenini. Fuwele za madini huanza kukua ndani ya utando huo, nyembamba kama nyuzi. Kisha kimeng'enya kiitwacho MMP-20 huanza kuikatakata protini, na baadaye kingine, kalikreini 4, humalizia kazi, mabaki yakanyonywa na nafasi ikabaki kwa fuwele kunenepa hadi zigusane. Enameli iliyokomaa vizuri ni madini kwa takriban asilimia 96 ya uzito wake. Fundi wa ujenzi angeielewa kazi hiyo mara moja: mbao za kumimina zege lazima zing'olewe kwa wakati wake.

Floraidi inapozidi, mbao hukawia kung'olewa. Protini hubaki ndani ya enameli muda mrefu kuliko inavyotakiwa, fuwele hukosa nafasi ya kunenepa, na chini ya ngozi ya nje ya jino hubaki vitundu visivyoonekana kwa macho. Jino huchomoza likiwa jeupe kama chaki kwa sababu mwanga hutawanyika katika vitundu hivyo. Rangi ya kahawia huja baadaye, jino likiwa tayari kinywani, pale rangi za vyakula na vinywaji zinapopenya. Jino lililoharibika zaidi humeguka lenyewe linapotafuna, likabaki na mashimo.

Enameli ya meno ya mbele ya kudumu hutengenezwa tangu miezi ya kwanza ya uhai hadi karibu miaka mitatu au minne, na ya magego hadi karibu miaka minane. Mtoto aliyehamia Nakuru akiwa na miaka 10 hubaki na meno yake meupe, naye aliyezaliwa Nakuru akahamishiwa Mombasa akiwa na miaka mitano huenda nayo ya kahawia maisha yake yote. Seli zilizotengeneza enameli hufa jino linapochomoza, na hakuna seli nyingine ya kuja kurekebisha.

Mfupa una tabia nyingine, kwa kuwa hauachi kujengwa. Seli za kubomoa hushikamana na uso wake, humwaga asidi ya kuyeyusha madini, kisha kimeng'enya kathepsini K hukata kolajeni iliyobaki, na nyuma yake seli za kujenga hujaza shimo. Floraidi huingia katika fuwele za mfupa na kuzifanya ngumu kuyeyushwa kwa asidi, na wakati huohuo huzichochea seli za kujenga. Mizani huinamia upande wa kujenga. Baada ya miaka mingi ya kunywa maji yenye floraidi nyingi mno mifupa ya uti wa mgongo na nyonga huwa mizito, lakini uzito huo si nguvu. Kano zinazofunga mfupa na mfupa hujaa madini. Katika picha ya eksirei ya mkono, utando ulio kati ya mifupa miwili ya kigasha, ambao kwa kawaida hauonekani, hujitokeza kama ukingo mweupe wenye meno ya msumeno. Kwa daktari aliyezoea, alama hiyo pekee hutosha kumfanya aulizie kisima cha mgonjwa.

Dalili za mwanzo hudanganya, kwa sababu ni zilezile za baridi yabisi: asubuhi kiungo kizito kukunjika, maumivu ya magoti, mgongo usiotaka kuinama. Lakini ndani ya kiungo mambo yanayotendeka yanatofautiana. Katika athraitis ya kuchakaa, inayowapata wazee kila mahali, vimeng'enya vya uvunjaji ndivyo vinavyozidi. Gegedu, ile safu laini inayofunika ncha za mifupa, ina nyuzi za kolajeni na protini kubwa iitwayo agrekani, inayofyonza maji kama sponji. Katika kiungo chenye afya seli za gegedu hutoa vimeng'enya vichache vya kuondoa kilichochakaa, pamoja na protini za kuvizuia. Kiungo kikiumia au kuzeeka, kizuizi huzidiwa. ADAMTS-5 hukata agrekani na gegedu hupoteza maji. MMP-13 hufuata na kukata kolajeni yenyewe, na kolajeni ya gegedu ikishakatika, kuirudisha ni karibu muhali. Katika picha, nafasi kati ya mfupa na mfupa hupungua. Katika ugonjwa wa floraidi, kinachotawala ni mfupa kuwa mzito na kano kugeuka jiwe. Tofauti hii ina maana kubwa kwa kliniki za Bonde la Ufa, kwa kuwa mgonjwa wa kwanza huhitaji kupunguziwa mzigo juu ya goti na kupewa dawa za maumivu, na wa pili huhitaji maji mengine kabla ya dawa yoyote. Figo hutoa sehemu ya floraidi kila siku, na kadiri mfupa unavyobomolewa polepole, iliyohifadhiwa humo nayo hutoka, ingawa huchukua miaka.

Njia ya kuyasafisha maji imechelewa kufika vijijini, na kuyachemsha si njia. Maji yakichemka mvuke huondoka na floraidi hubaki ndani ya sufuria, ikiwa nyingi zaidi kwa kila kikombe. Nakuru ilipata jibu lake katika machinjio. Idara ya maji ya Dayosisi Katoliki ya Nakuru, iliyokuwa imechimbia jamii visima kwa miaka kadhaa, ilikabiliwa na ukweli kwamba kisima kinachookoa watu na kipindupindu kinaweza kuwaharibia watoto meno. Tangu mwaka 1998 ilianza kutengeneza mkaa wa mifupa.

Mifupa ya ng'ombe hukusanywa, hukaushwa, na kupangwa katika tanuri ambalo hewa yake hudhibitiwa. Moto hushikiliwa karibu nyuzijoto 400 hadi 500. Tanuri likifunguliwa, rangi ndiyo inayosema kama kazi imefaulu. Mfupa wa kahawia haujaiva, una mafuta ndani, na utayapa maji harufu na ladha. Mfupa mweupe umepitishwa moto kupita kiasi, na uwezo wake wa kunyonya floraidi umepungua. Unaotakiwa ni mweusi au wa kijivu cheusi, unaovunjika kwa mlio mkavu. Husagwa, huchekechwa na kuoshwa, kisha hujazwa katika ndoo ya nyumbani yenye bomba au katika tangi la kisima cha kijiji. Fuwele za mfupa ni za jamii ileile na za jino, na floraidi iliyo majini huingia humo na kubadilishana nafasi na haidroksili, kama ambavyo ingeingia katika mfupa wa mtu. Baadaye, kwa ushirikiano na taasisi ya Uswisi ya utafiti wa maji, Eawag, dayosisi iliboresha njia hiyo kwa kuongeza chembe zenye kalsiamu na fosfeti, ili mkaa udumu zaidi kabla ya kubadilishwa.

Maji ya kunywa si mlango pekee. Magadi yanayopikiwa maharagwe na mboga za kienyeji hubeba floraidi, na tafiti za Tanzania zimehusisha matumizi yake na meno ya watoto hata pale maji yenyewe yalipokuwa mazuri. Majani ya chai nayo yana floraidi. Kwa upande mwingine, maji ya mvua yanayovunwa kwenye mabati hayana floraidi ya maana, na familia nyingi za Njoro na Gilgil hutenga tangi la mvua kwa ajili ya kunywa na kupikia, huku maji ya kisima yakifulia na kunyweshea mifugo. Mji wenyewe, uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, huchanganya maji ya visima vya Kabatini na Baharini na maji ya mito, na uwiano wa mchanganyiko huo ndio unaoamua kinachofika katika kikombe.

Mkaa wa mifupa hujaa. Ndoo iliyokuwa ikitoa maji mazuri huanza kuipitisha floraidi taratibu, na kwa kuwa floraidi haina rangi, harufu wala ladha, mwenye nyumba hawezi kujua kwa ulimi. Lazima maji yapimwe. Ikigundulika kwamba mkaa umechoka, huoshwa kwa soda kali ili uachie ulichokishika, au hutolewa na kuwekwa mwingine. Mahali ambapo mpimaji huja kwa wakati, watoto walioanza kunywa maji hayo wakiwa wachanga huota meno ya kudumu meupe. Mahali ambapo haji, ndoo huendelea kutumika, na matokeo huonekana miaka sita au saba baadaye, meno ya mbele yanapochomoza.